Kuchagua lifti ya gari kwa gereji ya nyumbani Malindi: anza na sakafu

Mtu akitaka kununua lifti ya gari, la kwanza huuliza inabeba tani ngapi. Ni swali la haki, ila kwa nyumba zetu nyingi hapa Malindi halistahili kutangulia. Lifti ya tani nne ikifungwa juu ya sakafu ya inchi mbili, uwezo wake ni ule wa sakafu, na hakuna anayejua ni kilo ngapi mpaka bolti zing'oke gari likiwa juu na mtu yuko chini yake. Kwa hivyo hapa tutakwenda kwa mpango tofauti na wa wauzaji: kazi unayotaka kufanya, sakafu, paa, stima, chumvi ya bahari, na baada ya hayo ndipo tuzungumze juu ya lifti yenyewe.

Ninayemwandikia ni mwenye gereji ya nyumbani: mtu wa Maweni, Muyeye, Barani au Casuarina, mwenye Probox ya kazi, Noah ya familia, au Land Cruiser ya kupeleka wageni Tsavo kupitia lango la Sala. Mwenye tuktuk pekee asijisumbue. Tuktuk watu wawili huilaza ubavu juu ya tairi kuukuu, kazi ikaisha.

Kazi gani hasa?

Kaa na kalamu uandike kazi ulizolipia fundi mwaka uliopita. Wengi watakuta ni oili, breki, bushi, shokamzoba na boljointi. Hizo, isipokuwa oili, zinataka magurudumu yaning'inie hewani. Kushusha giaboksi kunataka pia kimo, kwa sababu lazima uiteremshe na kuitoa kwa chini. Kuegesha gari moja juu ya jingine kwa sababu kiwanja ni kidogo ni haja nyingine kabisa.

Lifti ya nguzo mbili hushika gari kwenye chasisi kwa mikono minne na kuacha magurudumu huru. Ndiyo inayofaa kazi nyingi zaidi, na ndiyo inayodai sakafu bora kuliko zote, maana uzito wote unaning'inia kwenye nguzo mbili zinazotaka kupinduka kuelekea ndani. Lifti ya nguzo nne gari hupanda kwa magurudumu yake juu ya njia mbili za chuma. Imetulia, haisumbui sana sakafu, na ni nzuri kwa oili, ekzosi na kuegesha. Lakini ukitaka kutoa gurudumu unahitaji jeki ya pili inayokaa kati ya zile njia, na hiyo mara nyingi huuzwa peke yake. Lifti ya mkasi huketi chini ya tumbo la gari na kulinyanyua kama mita moja au zaidi kidogo. Ni nzuri kwa breki na tairi, ila mkasi wenyewe unakuzibia katikati ya gari, pale giaboksi ilipo. Kisha kuna reli mbili za kubebeka, kila moja upande wake wa gari, zinazoinua takriban nusu mita na kutundikwa ukutani kazi ikiisha.

Watu huuliza pia kuhusu shimo. Sipendekezi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka na kujaa shimoni bila kuonekana, na cheche moja ya taa inatosha. Karibu na ufuo nako maji ya chini hayako mbali, na masika shimo hugeuka kisima.

Tena, kama una gari moja tu na kazi zako ni oili na breki, nunua jeki nzuri ya magurudumu ya tani tatu na stendi nne za chuma zinazofungika kwa pini. Umepata unachohitaji kwa sehemu ndogo ya bei, na hakuna zege la kuvunja. Lifti inaanza kuleta maana ukiwa na magari mawili matatu, au mgongo usiokubali tena kulala chini.

Sakafu

Hapa usiharakishe. Watengenezaji wengi wa lifti za nguzo mbili za tani nne hivi wanataka zege zima lisilo na nyufa, lenye unene wa milimita 100 kwa uchache, na nguvu ya kama megapaskali 21 (kipimo cha mkandamizo ambao zege hustahimili). Wengine wanataka milimita 150. Kitabu cha lifti yako ndicho chenye kauli ya mwisho, lakini kama unajenga upya, mimi nasema anzia 150.

Unene huo ni wa zege tupu. Skridi, ile lipu laini ya juu, haihesabiwi. Vigae havihesabiwi, na lazima viondolewe pale nguzo itakapokaa, kwa sababu vitapasuka chini ya bamba la chuma la kitako cha nguzo na bolti zitalegea. Gereji nyingi zilianza kama veranda au banda la kuwekea mizigo, na mwashi alimwaga inchi mbili au tatu juu ya kifusi cha matumbawe, akapiga skridi laini ya kupendeza. Kwa macho huwezi kujua. Lazima utoboe.

Chukua drili ya nyundo yenye biti ya milimita 12 na utoboe kando ya mahali pa nguzo, si palepale bolti itakapoingia. Tazama vumbi. Mwanzo litakuwa la kijivu na drili itakwenda kwa shida, ikigongana na kokoto na kutetema mkononi. Halafu itazama ghafla, na vumbi litabadilika rangi: jeupe la chengachenga ukiwa juu ya matumbawe, jekundu ukiwa upande wa Magarini, au mchanga mkavu unaomwagika wenyewe. Pengine vitatoka vipande vya nailoni nyeusi vikiwa vimejisokota kwenye biti. Hapo ndipo zege lilipokomea. Sasa chukua waya mgumu, pinda ncha yake kama ndoana ndogo, uingize mpaka chini, uvute juu taratibu hadi ndoana ishike ukingo wa chini wa zege. Bana waya kwa kidole usawa wa sakafu, utoe, upime. Fanya hivyo kwenye nguzo zote mbili na mahali pengine kati yake, kwa kuwa sakafu ya sentimita 12 ukutani inaweza kuwa ya sita katikati. Ukimaliza ziba matundu kwa simiti, mchwa wasipate njia.

Gonga pia kwa nyundo eneo lote. Sauti ya ugumu inaeleweka. Sauti ya mvumo ina maana kuna uwazi chini. Mwamba wetu ni wa matumbawe, na matumbawe yana mapango. Kuna jambo jingine ambalo wenye nyumba husahau: birika la maji na shimo la choo. Katika viwanja vingi vimefukiwa uani, na gereji ikaja kujengwa juu miaka baadaye. Muulize aliyeijenga nyumba, au wazee waliomwona akijenga. Juu ya birika au shimo la choo usiweke lifti yoyote, hata ile ya mkasi.

Nyumba za kale za mawe na chokaa zina sakafu za kifusi kilichopigwa. Humo bolti haishiki kabisa. Ukiwa na nyumba kama hiyo, reli za kubebeka juu ya sakafu iliyosawazishwa ndizo chaguo lako, au umwage zege jipya nje.

Ikiwa kipimo kimekuja kidogo, huna haja ya kuvunja gereji nzima. Kata kipande ambapo nguzo zitakaa, chimba mpaka udongo mgumu, shindilia, weka wavu wa chuma, umwage upya. Wengine humwaga vipande viwili, kila nguzo na chake. Napendelea kipande kimoja kirefu kinachounganisha nguzo zote mbili, kwa kuwa nguzo zinavutana kuelekea ndani, na zege lililo kitu kimoja linapokea mvuto huo lenyewe. Ukubwa na unene vifuate kitabu cha lifti. Kitabu kisiposema, mlipe injinia wa ujenzi aje aangalie. Ni pesa kidogo ukilinganisha na zilizobaki.

Mchanganyiko wa simiti moja, mchanga moja na nusu, kokoto tatu unafaa. Mchanga uwe wa mto, kama unaochotwa Sabaki, na usiwe wa ufuoni hata ukipewa bure. Maji nayo yawe matamu, kwa maana visima vingi vya mjini vina magadi au chumvi. Chumvi ikiingia ndani ya zege hula chuma taratibu, chuma kikivimba kwa kutu hupasua zege, na hutaona chochote mpaka ufa utokeze juu. Lowesha zege angalau siku saba, kisha ungoje mpaka siku 28 zitimie kabla ya kufunga bolti. Fundi wa lifti atakwambia wiki moja yatosha. Mshukuru na umwambie arudi mwezi ujao.

Bolti zisiwe karibu na ufa, wala karibu na ukingo wa zege au kiungo kilichoachwa kwa makusudi kati ya vipande. Kitabu hutaja umbali.

Paa

Hesabu ni nyepesi. Kimo cha paa, toa kimo cha gari, toa sentimita kumi za nafasi. Kilichobaki ndicho gari linaweza kuinuka. Gereji yenye mita tatu na Prado ya mita 1.9 hukuachia mita moja. Hapo utafanya kazi umeketi kwenye kigoda, wala si vibaya, lakini usilipie lifti ya kimo kamili ambayo hutaitumia. Probox ya mita 1.5 chini ya paa hilohilo inafika mita 1.4. Hiace ya paa refu ni karibu mita 2.3, na humo ndani haina maana kuiinua. Iwekee lifti nje chini ya banda.

Lifti za nguzo mbili ziko namna mbili. Zenye boriti ya chuma juu, ambako nyaya zinapita, huhitaji kama mita 3.6 au zaidi. Zenye bamba la sakafuni, ambako nyaya zinapita chini kati ya nguzo, huingia hata penye mita 2.9 hivi, ila utakuwa na kizingiti cha kuruka kila ukisukuma jeki. Pima kwenda kwenye kitu cha chini kabisa, ambacho mara nyingi ni boriti, feni, taa, au mlango wa gereji unaojikunja ndani.

Makuti yanahitaji neno lake. Paa la makuti ni refu katikati na fupi pembeni, kwa hivyo lifti hukaa chini ya mgongo wa paa na gari huingia kwa urefu wa mgongo huo. Hilo linawezekana. Ninachokiogopa ni moto: anayenyanyua gari leo kesho atataka kuchomelea ekzosi hapohapo, na makuti makavu ya wakati wa kaskazi hayasubiri. Kazi ya kuchomelea ifanyike kwingine, au paa libadilishwe kuwa mabati.

Stima

Nyumba nyingi zina fezi moja ya volti 240, hezi 50, na lifti nyingi za nyumbani zina mota ya fezi moja ya kama kilowati 2.2. Usinunue mota ya fezi tatu kwa sababu tu bei yake ni nafuu, maana kuvutiwa fezi tatu nyumbani ni gharama na safari nyingine. Soma kibandiko cha mota. Lifti zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zina mota ya hezi 60. Hapa itazunguka polepole zaidi na kupata joto kupita kiasi.

Mota inapoanza huvuta mkondo mara kadhaa kuliko inapokwenda. Ipe waya wake mwenyewe kutoka kwenye boksi, breka yake na athi yake. Gereji ikiwa mwisho wa uwanja, waya mwembamba utapoteza volti njiani, mota itavuma bila kuinua, na hatimaye itaungua. Fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, apige hesabu ya unene. Kwa umbali mrefu mara nyingi ni milimita 6 za mraba badala ya 4.

Matumizi yenyewe ni madogo. Mota ya kilowati 2.2 ikifanya kazi dakika moja haifikishi hata sehemu moja ya ishirini ya uniti. Tatizo ni stima kukatika, au tokeni kuisha, gari likiwa juu. Wengi wanadhani gari litashuka tu kwa uzito wake. Lifti ikiwa imeketi juu ya kufuli zake, yaani vyuma vya usalama vinavyoishika juu bila kutegemea oili ya pampu, kwanza lazima iinuliwe kidogo ili kufuli ziachie, ndipo valvu ya oili ifunguliwe ishuke. Bila stima hakuna kuinua, kwa hivyo gari litabaki huko mpaka umeme urudi. Ni salama, lakini kama ni gari la kumpeleka mgonjwa hospitali usiku, umekwama. Muulize muuzaji kabla ya kulipa: kuna pampu ya mkono? Ikiwa haipo, je, jenereta yako inaweza kuianzisha mota hiyo? Kijenereta cha kuwashia taa na televisheni hakiwezi. Baadhi ya reli za kubebeka huja na pampu ya volti 12 inayotumia betri ya gari, na kwa maeneo ambayo stima haitulii hiyo ni sababu nzuri ya kuzichagua.

Lifti za nguzo nne nazo, baadhi hufungua kufuli kwa upepo wa kompresa. Kwa nyumbani tafuta zinazofunguliwa kwa mkono.

Chumvi

Watengenezaji wengi huandika kwamba lifti ni ya kutumika ndani ya jengo kavu. Wao hawajaona upepo wa kusi ukipita nyumba za ufuoni mwezi wa saba, ukiacha unga wa chumvi kwenye vioo vya madirisha. Kinacholiwa kwanza ni vitu vidogo: springi za kufuli, swichi, ekseli za kapi, nati za bolti za sakafuni. Springi ya kufuli ikishika kutu, kufuli hairudi mahali pake, na lifti inabaki imeshikiliwa na oili peke yake.

Kebo za chuma ndizo ninazozitazama zaidi. Kwenye lifti ya nguzo nne, kebo ndefu hupita ndani ya zile njia za gari, gizani, ambako hewa ya chumvi huingia na mkono wa kufuta haufiki. Kwa sababu hiyo, ukiwa karibu na bahari, lifti ya nguzo nne inayosifiwa kuwa ndiyo tulivu kuliko zote inataka ukaguzi wa mara kwa mara kuliko nyingine. Chukua kitambaa kikuukuu, kamwe usitumie mkono mtupu, kizungushe kwenye kebo na ukivute taratibu urefu wote. Kitambaa kikinasa, uzi mmoja wa chuma umekatika. Itazame sehemu hiyo kwa tochi, kisha ulinganishe na kiwango cha kubadilisha kilichoandikwa kitabuni. Kutu nyekundu inayotoka ndani kati ya nyuzi ni mbaya kuliko ya juu, kwa sababu ya ndani huwezi kuifuta.

Ukiwa na uwezo, tafuta chuma kilichochovywa zinki. Kama ni cha rangi tu, kagua kila mchubuko na uupake rangi ya zinki kabla ya kutu kuanza. Boksi la mota na swichi liwe upande usiopigwa na upepo, lifunikwe, lakini lisibanwe kwa nailoni maana unyevu utanaswa ndani. Kila mwisho wa kusi futa lifti kwa kitambaa kilicholoweshwa maji matamu, ikaushe, kisha paka oili minyororo na grisi kwenye viungo. Gari lililotoka kuendeshwa ufuoni lioshwe chini kabla ya kupandishwa, chumvi isije ikadondokea mikono na kapi.

Sasa uzito

Probox ni kama tani 1.1 ikiwa tupu. Noah ni kama 1.6, Hiace na Hilux ya kabini mbili huzunguka tani mbili, na Land Cruiser 200 hukaribia 2.7. Uzito wa kwenye logbook ni wa gari tupu. Ongeza tangi lililojaa, kariya ya juu, tairi za ziada, vifaa vya safari vilivyosahaulika nyuma ya viti. Baada ya hapo acha robo ya ziada: gari la tani 2.7 likae kwenye lifti ya tani 3.5 au nne.

Kila mkono wa lifti ya nguzo mbili hubeba robo ya uwezo wote. Gari la dizeli lenye injini nzito hulemea mikono ya mbele, kwa hivyo angalia mkono, usiangalie jumla peke yake. Pima pia umbali kati ya sehemu za kuinulia za gari lako, mbele na nyuma, kushoto na kulia, na uulize mikono inafika wapi ikiwa imekunjwa na ikiwa imenyooshwa. Lifti inayomeza Hiace inaweza kushindwa kukunja mikono ya kutosha kwa gari dogo. Kwa pikapu na Land Cruiser zenye chasisi utahitaji vipandisho vya kuongeza kimo cha pedi, vile vikalio vya ncha za mikono vinavyogusa gari. Hakikisha vimo ndani ya bei.

Kununua

Lifti nzuri ina bamba la chuma lenye namba yake, uwezo na mwaka. Za Marekani zilizopimwa huwa na alama ya ALI, taasisi ya lifti za magari ya huko, na za Ulaya hufuata kanuni ya EN 1493 na kubeba alama ya CE. Kibandiko cha CE mtu yeyote anaweza kuchapisha, kwa hivyo omba tamko la maandishi lenye modeli ileile na jina la waliopima. Muuzaji mkweli hulileta. Anayesema "hii ni Original, usijali" hajakujibu.

Ukiagiza mwenyewe kupitia bandari ya Mombasa, weka kwenye hesabu ushuru, VAT ya 16%, ukaguzi wa viwango wa KEBS unaofanywa kabla ya mzigo kusafirishwa, na lori la kilomita 120 hivi mpaka Malindi. Lifti ya nguzo mbili ina uzito wa kilo mia sita na zaidi. Panga watu wa kuishusha kabla lori halijafika mlangoni.

Kwa iliyotumika, itazame ikifanya kazi na gari juu yake, si tupu. Sikiliza kufuli: pande zote mbili zilie pamoja, tak, tak, tak. Upande mmoja ukichelewa, kebo za kusawazisha zimelegea au zimenyooka. Acha gari juu dakika ishirini bila kulikalisha kwenye kufuli, na hakuna mtu chini, uone kama linashuka lenyewe. Angalia viungo vya kuchomelea kwenye mikono kama vimechomelewa upya. Vikiwa hivyo, ondoka. Tazama matundu ya bamba la chini, kwa maana yakiwa yamenyooka kuwa marefu, lifti hiyo ilicheza sakafuni kwake muda mrefu. Sili na kebo hupatikana kwa kulinganisha vipimo, lakini kwa lifti isiyo na jina wala kitabu kila kipuri kitakuwa safari.

Kufunga

Aifunge anayejua, na wewe usimame ukitazama. Mstari wa nguzo upigwe kwa uzi wa chokaa, na mishazari miwili ipimwe mpaka ilingane. Nguzo zisimame kwa timazi kila upande. Pengo chini ya bamba hujazwa kwa washa bapa za chuma kwa kiasi ambacho kitabu kinaruhusu, na mbao au vipande vya kigae visitumike kabisa. Kila tundu lipulizwe vumbi mpaka liwe safi, kwani bolti iliyozungukwa na vumbi haishiki. Nati zikazwe kwa spana inayopima nguvu ya kukaza, siyo kwa bomba refu na uzito wa mtu. Bolti ikizunguka bila kukaza, zege limekataa, na dawa si kuongeza bolti nene bali kurudi kwenye habari ya sakafu.

Mzigo wa kwanza uwe gari jepesi, liinuliwe kidogo, lishushwe, kisha nati zikazwe tena kwa kipimo kilekile.

Kila unapoinua

1. Ondoa watoto, paka na mizigo chini na pembeni. Hakuna mtu ndani ya gari.
2. Weka pedi kwenye sehemu za kuinulia zilizotajwa na kitabu cha gari. Sehemu yenye kutu laini haifai, hata kama ndiyo iliyotajwa.
3. Inua mpaka magurudumu yaachane na sakafu tu, usimame. Tazama pedi zote nne kwa macho, kisha sukuma gari kwenye bampa. Likicheza, shusha na uanze upya.
4. Inua hadi kimo unachotaka, kisha lishushe mpaka likae juu ya kufuli za pande zote mbili. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na oili.
5. Kabla ya kutoa kitu kizito, iwe injini, giaboksi au ekseli, weka stendi ndefu upande utakaobaki mzito.

Hilo la tano ndilo linalosahaulika sana. Gari lililokaa sawa asubuhi si lilelile baada ya giaboksi kutoka. Uzito umehama, na mikono haijui.

Kama utaanza kupokea magari ya watu kwa malipo, gereji yako imekuwa mahali pa kazi, na sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 inakuhusu. Mashine za kuinulia lazima zikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa na DOSHS, idara ya serikali ya usalama na afya kazini. Hata kama ni ya nyumbani tu, mwite mkaguzi mara moja kwa mwaka. Wewe mwenyewe kila mwezi jaribu kufuli, pitisha kitambaa kwenye kebo, angalia kimo cha oili lifti ikiwa chini kabisa, na ukaze nati za sakafuni. Nati ileile ikikutwa imelegea miezi miwili mfululizo, acha kuitumia lifti na umwite mwashi atazame zege kabla hujamwita fundi wa lifti.